Swichi Isiyokuwepo

Kuna sentensi moja ambayo Linux hukujibu nayo ukijaribu kuwasha waifai iliyofungwa. Inasema, kwa Kiingereza chake kikavu: "Operation not possible due to RF-kill." Yaani hilo haliwezekani, kwa sababu redio imeuliwa. Haikwambii imeuliwa na nani. Haikwambii lini, wala kama inaweza kufufuka. Ni kama zile barua za ofisini zinazoanza na "imeamuliwa kwamba". Imeamuliwa na nani, mkubwa? Kimya.

Hiyo sentensi imenikaa kichwani kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa. Inaleta swali ambalo nadhani kila mtu wa rika letu analijua hata kama hajawahi kuona terminali maishani: ukishindwa kufanya jambo, unajuaje kama huwezi, au umekatazwa, au umeambiwa tu kwamba huwezi? Halafu kuna swali la pili, na hili ndilo huninyima usingizi. Mtu mwingine akija kwako amekwama, una haki gani ya kumwambia ni lipi kati ya hayo matatu?

Kwa wasiojua mambo ya mashine, nivumilieni kidogo. Kadi ya waifai ni redio. Inatuma na kupokea mawimbi. Kuna mahali redio haitakiwi kuwaka, ndani ya ndege kwa mfano, kwa hivyo watengenezaji wa laptopu waliweka njia za kuizima. Laptopu nyingi za zamani zilikuwa na swichi ndogo ubavuni. Nyingine unabonyeza Fn na kibonye chenye picha ya mnara au ndege. Linux nayo, ndani kabisa, inaweka hesabu ya redio zote zilizo kwenye mashine, waifai, Bluetooth, na ile ya laini ya simu kama ipo. Ukiandika rfkill list unapewa hiyo hesabu, na chini ya kila redio kuna mistari miwili. Soft blocked, ndiyo au la. Hard blocked, ndiyo au la.

Kizuizi laini ni cha programu. Mtu au programu fulani imesema zima, na ukiandika rfkill unblock wifi kinaondoka. Kizuizi kigumu ni cha chuma. Ni swichi, au umeme kwenye waya. Programu haiwezi kukiondoa, inaweza kukiripoti tu. Utaandika unblock mpaka vidole vife ganzi na jibu litakuwa lile lile.

Ukiwa umesoma falsafa kidogo unaona mara moja hii ni hadithi ya zamani. Epictetus, ambaye alizaliwa mtumwa katika dola ya Kirumi na baadaye akawa mwalimu, alianzia hapo hapo: tenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako, na usisumbuke na hayo ya pili. Hakuandika chochote mwenyewe, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeweka mafundisho hayo kwenye maandishi. Siku hizi utampata Epictetus kwenye video za dakika moja, chini yake picha ya simba na muziki wa huzuni, akiuzwa kwa vijana wasio na kazi. Sina ubaya naye. Ninachouliza ni hiki: nani anaandika ile orodha? Kugawa mambo mafungu mawili ni rahisi. Kazi ni kujua kipi kinaangukia wapi, na hapo ndipo watu hudanganyana, mara nyingi kwa upendo.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Watu husubiri niseme najuta, au niseme ndiyo hatua bora niliyowahi kuchukua. Sina la kuwapa kati ya hayo. Salio la karo lilikuwa limenishinda, mfumo wa chuo ukafunga jina langu: huwezi kusajili masomo, huwezi kuchapa kadi ya mtihani. Nyumbani nikapokelewa na madaktari wawili. Mjomba akasema penye nia pana njia, angalia fulani aliuza mayai ya kuchemsha mpaka akamaliza digrii. Shangazi akasema wachaneni na mtoto, kila mtu ana fungu lake, Mungu hakupanga. Kwa lugha ya mashine, mjomba alisema kizuizi ni laini na mkono unaokishikilia ni wangu. Shangazi alisema ni kigumu na kimewekwa na mbingu. Wote wananipenda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza barua ya chuo ilisema nini.

Wanachofanana hao wawili ni kwamba walitoa dawa kabla ya vipimo. Na kila dawa ilikuwa na bei yake. Ya mjomba iliniachia aibu, maana kama ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu muda wote, basi mimi ni mzembe. Ya shangazi ilinipa usingizi, na kwa muda ule nilihitaji usingizi, lakini mtu akilala sana anaamka mlango umejengewa ukuta. Nchi yetu imejaa dawa hizi mbili. Asubuhi unaambiwa na mhubiri wa pesa kwamba umaskini ni fikra, jioni unaambiwa na mzee wa baa kwamba bila godfaza huendi popote. Zote ni kauli za mtu ambaye hajaandika list.

Sasa nirudi kwenye mashine, kwa sababu kuna kitu pale ambacho Epictetus hakukiona.

Laptopu ninayoandikia ni ex-UK, imepita mikono ambayo sitaijua kamwe. Siku nilipoiwekea Linux, waifai ilikataa. Nikaunganisha simu kwa waya, nikanunua bando, maana ile kejeli ya dunia hii ni kwamba dawa ya kukosa intaneti iko kwenye intaneti. List ilinionyesha redio mbili za waifai wakati najua kadi ni moja. Mstari wa kwanza ulikuwa wa draiva ya mtengenezaji wa laptopu: laini ndiyo, ngumu la. Wa pili ulikuwa wa kadi yenyewe: laini la, ngumu ndiyo.

Soma tena polepole. Kadi inasema nimefungwa na chuma, siwezi lolote. Na kwa upande wake inasema kweli, kwa sababu umeme kwenye waya wake umekatwa. Lakini aliyeukata ni jirani yake wa ghorofa ya juu, yule draiva, na kwake yeye ile ni swichi ya programu tu. Amri moja kwa draiva, na kile kizuizi kigumu cha kadi kikayeyuka. Sikugusa bisibisi.

Kwa hivyo "gumu" si sifa ya kizuizi peke yake. Ni habari ya mahali uliposimama. Kitu ambacho kwako ni chuma, kwa mtu aliyeketi ghorofa moja juu ni kubofya. Nililiona hili kwa macho kabla sijajua jina lake. Nilikuwa kwenye foleni ya kitengo cha fedha, na mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye tatizo kama langu. Karani alimwambia mfumo umefunga, mimi siwezi kitu. Simu ikaita. Karani akasema sawa mkubwa, ndiyo mkubwa, akabofya mara mbili, na yule kijana akaenda na kadi yake ya mtihani. Simlaumu kijana, na hata karani simlaumu sana. Ninachosema ni kwamba neno "mfumo" lilikuwa linafanya kazi pale, na kazi yake ilikuwa kugeuza uamuzi wa mtu kuwa hali ya hewa.

Mwaka 1958, Isaiah Berlin alitoa mhadhara kule Oxford kuhusu aina mbili za uhuru. Humo anatenganisha kushindwa na kunyimwa. Kama siwezi kuruka juu futi nyingi hewani, hakuna aliyeninyima uhuru, ni mwili wangu tu. Kunyimwa kunahitaji mtu mwingine aliyeingilia kati. Halafu anagusa umaskini, na anakiri kwamba hapo jibu linategemea unaamini umaskini umetoka wapi. Ukiamini ni kama ugonjwa, utasema maskini hana uwezo. Ukiamini umetokana na mipango ya watu, utasema amenyimwa. Mimi nasoma pale na kufikiria ile simu ya karani. Kabla haijaita nilikuwa mtu asiye na uwezo. Ilipoita nikawa mtu aliyenyimwa. Mfukoni mwangu hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana swali "kimefungwa na nani" ni la kimaadili. Mnakumbuka tarehe 25 Juni 2024. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza haina nia ya kuzima intaneti. Siku yenyewe, vijana wakiwa barabarani na wengine wameingia bungeni, intaneti ikazorota nchi nzima na kwingineko Afrika Mashariki, na maelezo tuliyopewa yalikuwa ya nyaya za baharini. Sina cha kuongeza juu ya hizo nyaya. Ninachotaka uone ni tofauti na Uganda Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, ambapo mdhibiti aliziagiza kampuni zifunge na zikafunga. Ule ulikuwa ukatili, lakini ulikuwa na sahihi. Unaweza kumpeleka mahakamani mtu aliyetia sahihi. Bahari utaipeleka wapi?

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni kingine, na nimekihadithia hadi marafiki zangu wakiona natoa laptopu wanahama meza.

Kuna familia moja ya laptopu, maarufu tu, ambayo draiva yake ya Linux ilikuwa na tabia hii: ikiwaka, inauliza mashine, swichi ya redio iko wapi? Modeli zenye swichi zilijibu moja au sifuri kulingana na hali. Modeli nyingi lakini hazikuwa na swichi kabisa. Hizo, zikiulizwa, zilijibu sifuri. Kila mara. Na sifuri kwa ile draiva maana yake ilikuwa imefungwa. Basi mtu ananunua laptopu mpya, anaweka Linux, anaambiwa redio imefungwa kwa chuma. Anaigeuza mashine juu chini akitafuta swichi. Hakuna. Anatafuta kibonye. Hakuna. Amefungwa na swichi isiyokuwepo.

Dawa ya haraka ilikuwa kuiondoa ile draiva kwa modprobe -r, na waifai inafufuka saa hiyo hiyo. Kumbe kadi haikuwahi kufungwa na chochote ila ripoti.

Ninapenda zaidi walivyolitatua wale wanaotunza kerneli. Mwanzo waliweka orodha ya modeli zisizo na swichi, ili draiva isiziulize. Kila modeli mpya ikitoka, mtu analalamika, jina linaongezwa, orodha inarefuka, kesho nyingine tena. Baadaye wakachoka wakaigeuza. Wakafuta orodha ndefu, wakaandika fupi, ya modeli ambazo kweli zina swichi. Nyingine zote, draiva ichukulie kwamba swichi haipo.

Huo ni mgeuzo mkubwa kuliko unavyoonekana. Kabla yake, kila mashine ilibeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haina kizuizi. Baada yake, kizuizi ndicho kinachotakiwa kuthibitisha kwamba kipo. Fikiria ni mangapi umeambiwa huwezi na hakuna aliyewahi kukuonyesha swichi. Wasichana hawawezi hesabu. Watu wa huku hawapati kazi kule. Bila cheti huwezi kuandika. Nani aliangalia? Kuna mtu aliuliza, kukawa kimya, na kimya kikasomwa kama sifuri.

Na mashine inakumbuka, hilo nalo ni balaa lake. Kwenye Linux nyingi kuna kipande kinachohifadhi hali ya redio unapozima kompyuta na kuirudisha unapoiwasha. Ukifunga leo, kesho utaamka umefungwa, na keshokutwa. Aliyefunga anaweza kuwa ameshasahau, au ameshauza laptopu. Mwalimu wangu wa darasa la nne amestaafu na sidhani ananikumbuka, lakini alichoniambia kuhusu mwandiko wangu kiliwashwa nami kila asubuhi kwa miaka.

Hapa msomaji mwepesi atasema, basi vizuizi vyote ni uongo, twende. Hapana, mse. Vingine ni chuma kweli. Njaa ni chuma. Mkopo wa masomo ambao umechelewa mwezi wa tatu haufunguki kwa kutafakari. Na vingine ni vya haki. Ile redio ilipewa njia ya kuzimwa kwa sababu kuna watu wengine kwenye ndege.

Kuna ujanja mafundi wanaujua wa kadi za aina ya zamani kidogo, Mini PCIe. Pini ya 20 ndiyo inayoleta amri ya kuzima. Umeme ukishushwa pale, redio inalala. Basi unakata kipande chembamba cha utepe, unaifunika hiyo pini, unarudisha kadi. Swichi inaendelea kupiga kelele upande wake, kadi haisikii. Redio inawaka. Imeokoa laptopu nyingi zenye swichi mbovu, na mimi nimeifanya kwa mashine ya jirani. Lakini angalia ulichofanya: hukuondoa kizuizi, umeiziba kadi masikio. Siku ukiwa na sababu halali ya kutumia swichi ile, haitafanya kazi tena. Nairobi ni mji wa watu waliofunika pini. Tumezuiwa na upuuzi mwingi sana hadi tumejifunza kutosikia lolote, na ndiyo maana matatu inapanda njia ya waenda kwa miguu, na dereva akikuona unakasirika anashangaa kweli. Sisemi usifunike. Nasema ujue ni pini gani, na uandike mahali.

Binamu yangu anaishi nami tangu Januari, chumba kimoja, pazia katikati. Yuko mwaka wa pili. Wiki jana jina lake lilifungwa, chuo kingine, maneno yale yale. Usiku stima zikiwa zimepotea akaniuliza kutoka upande wake wa pazia, "Bro, niwache tu?"

Nilikuwa na majibu mawili tayari, yote ya kurithi. La mjomba lingemfanya aamke saa kumi kuuza mayai. La shangazi lingemlaza. Na nilikuwa na la tatu, baya kuliko hayo, ambalo ni maisha yangu: niliacha na sijafa, acha na wewe. Hilo ni jaribu kubwa la mtu yeyote aliyepita njia fulani, kumpa mwingine njia ile kama vipimo.

Nikamwambia asubuhi tuandike list. Tumekaa mezani na daftari. Karo inayodaiwa, kiasi gani hasa, maana yeye alikuwa anasema "nyingi". Mkopo, umekataliwa au umechelewa? Hakujua, alikuwa ameambiwa na wenzake darasani kwamba "mwaka huu hawatoi". Tukaandika hapo swichi haijaonekana. Kulipa kwa awamu, nani anaidhinisha? Ofisi ya mkuu wa wanafunzi, siyo karani. Kuahirisha mwaka, inaandikwa barua kabla ya tarehe gani? Kama babake ana kitu cha kuuza: hana, huo mstari ni chuma, nikauwekea alama na tukaupita haraka kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kujaa. Kila mstari tukaandika na ghorofa, ni nani aliyeketi juu yake.

Mistari kumi na mmoja. Minne ni chuma, na mmoja kati ya hiyo minne siuoni ukifunguka muhula huu. Inawezekana atarudi nyumbani mwaka mmoja. Nimemwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na akanyamaza muda mrefu akichora mraba kando ya karatasi.

Jumatatu tunaenda na daftari. Ofisi inafunguliwa saa mbili, lakini foleni huanza saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo ametega saa mbili za kengele kwenye simu yake na moja kwenye yangu.